MFANYAKAZI WA SERIKALI MWENYE ULEMAVU: SIKU ZA KULALAMIKA ZINAHESABIWA

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, katika semina ya idara ya maendeleo ya jamii)



Leo hatutazungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala mizinga ya nyuki. Baadhi yenu mmetuomba tuzungumze juu ya watu wetu walioajiriwa na serikali, kisha wakabaguliwa kazini kwa sababu ya ulemavu. Mtu atauliza, hayo yanahusu kikundi cha akina mama namna gani? Yanahusu sana. Karani wa kaunti, muuguzi wa zahanati, mlinzi wa ofisi, mfagiaji wa soko, hawa ni watoto wetu, na wengine ni wanakikundi. Mmoja akifutwa kazi, mzunguko wa mchango unayumba na karo ya shule inakwama.

Kuhusu haki yenyewe hatutakaa sana. Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inakataza kumbagua mtu kwa ulemavu wake. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza pia, tena inamwekea mwajiri mzigo wa kuonyesha kwamba hakubagua. Na tangu 2025 tuna Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Kwa hivyo haki ipo kwenye karatasi. Taabu tunayokutana nayo ni nyingine kabisa: mtu ana haki, ana barua, ana hata mashahidi, lakini amechelewa.

Hebu tuchukue mfano. Tuseme kuna mama mmoja, karani wa kaunti, aliyekatwa mguu kwa ajili ya kisukari. Amerudi kazini na magongo. Ofisi yake iko ghorofa ya pili na lifti hakuna. Ameomba ahamishiwe chini, akaambiwa angoje. Baadaye anaandikiwa kwamba kila siku anachelewa kufika mezani pake, na tarehe 3 Machi 2025 anapewa barua ya kufutwa.

Sasa tazameni afanyavyo, maana ndivyo wengi wetu tufanyavyo. Anakwenda kumwona bosi nyumbani, na kuku mkononi. Anamtuma mzee wa ukoo. Anamwona MCA, naye MCA anasema, "Mama, wewe tulia, nitaongea na wakubwa." Anatulia. Krismasi inapita. Kila anayemtembelea anamwambia subira huvuta heri, na sisi watu wa kanisa pengine ndio tunaosema hivyo kwa sauti kubwa zaidi. Subira ni fadhila, hatukatai. Lakini huyu mama, wakati anasubiri, kuna kalenda mbili zinazokwenda na hakuna aliyemwambia.

Kalenda ya kwanza ni ya siku 90. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema mtumishi wa kaunti asiyeridhika na uamuzi kama huo anaweza kukata rufani kwa Tume ya Utumishi wa Umma, kwa maandishi, ndani ya siku 90 tangu tarehe ya uamuzi. Hesabuni pamoja nasi. Machi zimebaki siku 28. Aprili ni 30, jumla 58. Mei ni 31, jumla 89. Basi siku ya 90 ni tarehe 1 Juni. Si tarehe 3 Juni kama yule anayehesabu miezi mitatu kwa vidole! Na hesabu inaanza na uamuzi, si siku ile bosi alipoacha kupokea simu.

Wengine husema, "Mimi Tume ya nini, naenda kortini moja kwa moja." Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilisema wazi kwamba mtumishi wa kaunti lazima apitie kwanza kwa Tume. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya mwaka huo huo inasema vivyo hivyo. Ukiruka mlango huo unarudishwa nyuma, na wakati huo siku zako zimekwisha liwa. Kuna huruma kidogo hapa: Tume inaweza kupokea rufani iliyochelewa, ikiona sababu zinastahili. Mtu aliyekuwa amelazwa hospitali na ana karatasi za kuonyesha, aziandikie na kuziambatisha. Lakini huyo anaomba kusamehewa, hadai tena.

Kalenda ya pili ni ya miaka 3, na hii haina huruma. Sheria ya Ajira inasema kesi inayotokana na kazi ifunguliwe ndani ya miaka 3 tangu kosa lilipotendeka. Kwa mama yetu, miaka hiyo inatimia mwanzoni mwa Machi 2028. Majaji wamesema mara nyingi kwamba hawana uwezo wa kuiongeza, hata wakikuonea huruma.

Iko kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 2016. Haikuwa ya ulemavu, lakini inatufundisha sote. Watumishi wawili wa serikali walifutwa kazi Oktoba 2010. Walikuwa na kesi ya jinai pia, wakangoja hiyo imalizike kwanza. Si ungefanya hivyo hata wewe? Walipofungua kesi ya kazi ilikuwa Juni 2014. Mahakama ikasema saa ilianza kupiga siku ya barua ya kufutwa, si siku kesi ile nyingine ilipokwisha. Wakawa wamechelewa kwa miezi kama minane hivi, na yote yakaishia hapo.

Kwa hivyo mtu aliyekata rufani asijiambie kwamba saa imesimama kumngojea. Afuatilie jibu kwa maandishi, na miaka miwili ikitimia bila jibu amtafute wakili. Ni vivyo hivyo kwa wanaopeleka lalamiko kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, au kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Nendeni huko, tunawatia moyo kabisa, ni msaada mzuri. Ila kulalamika huko si kufungua kesi, na mazungumzo hata yawe matamu namna gani hayasimamishi miaka 3. Yule mjane wa Injili ya Luka alimsumbua hakimu mpaka akapata haki yake, lakini hakimu yule hakuwa na kalenda ya Kenya ukutani.

Kuna swali tuliloulizwa mara nyingi: je, ubaguzi usiokwisha? Kwa mfano mtu bado yuko kazini, na kila mwezi ananyimwa posho wanayopata wenzake. Sheria inasema madhara yanayoendelea huhesabiwa miezi 12 tangu yalipokoma. Inasikika vizuri. Lakini kama jambo lako ni moja lililotendeka siku moja na wewe unaumia mpaka leo, hilo mahakama huliona kuwa limekwisha siku ile. Ushauri wetu ni kwamba msitegemee kamba hiyo. Hesabuni tangu tendo la kwanza.

Walimu walio chini ya TSC na wafanyakazi wa wizara wana njia zao za rufani, nazo zina siku zake. Wasome barua ya uamuzi hadi mstari wa mwisho, maana mara nyingi siku hizo zimeandikwa pale chini, mahali ambapo mtu aliye na uchungu hafiki.

Tuguse pia kustaafu. Katika utumishi wa umma wengi hustaafu wakiwa na miaka 60, na mwenye ulemavu miaka 65. Lakini haitoshi kwamba kijiji kizima kinakujua una ulemavu. Ni lazima uwe umeandikishwa, na mwajiri awe nayo kwenye rekodi zake, mapema. Anayekimbilia kujiandikisha wakati barua ya kustaafu iko njiani hutiliwa shaka, hata kama amekuwa haoni jicho moja tangu ubatizo. Waambieni watoto wenu wenye umri wa miaka 40 sasa.

Na kikundi kifanye nini? Mfanyakazi aliyefutwa huwa amepigwa na bumbuazi. Hali, halali, barua ameisukuma chini ya godoro. Hapo ndipo jirani anafaa. Mwombeni awaonyeshe barua, kisha katibu aandike katika kitabu cha kikundi tarehe ya barua, tarehe aliyoipokea, na siku ya 90. Toeni nakala mbili za kila karatasi: barua ya ajira, hati za mshahara, maombi aliyoandika ya kuhamishiwa chini, karatasi za daktari. Kama maombi yake yalikuwa ya mdomo tu, aandike leo yale anayokumbuka, nani alisema nini na lini. Rufani ikipelekwa, nakala yake irudi na muhuri wa ofisi iliyoipokea na tarehe. Bila muhuri, mtasema mlipeleka na wao watasema hawakuona. Nauli ya kwenda mjini itoke kwenye mfuko wa dharura. Tumeona vikundi vinavyotoa elfu kumi kwa matanga bila swali, lakini mia tano ya nauli ya rufani inaletewa ajenda tatu.

Wenye barua za namna hii nyumbani walete nakala katika ofisi ya parokia, siku yoyote ya kazi. Wale ambao barua zao zina zaidi ya miezi miwili wasingoje Jumatatu. Waje leo baada ya chai, tutakaa nao pale chini ya mwembe tuhesabu.