Tulisoma alama, hatukusoma kaye
Maneno tuliyosema ku mkutano mkuu wa mutualite, kwa jina la wafanyakazi wanaofuata masomo ya vijana



Tumeombwa kueleza namna vijana wetu saba wanavyoendelea na somo la fizikia ya mwanzo, wanalofuata hapa Uvira kwa intaneti ku chuo kimoja cha Marekani. Tutaeleza. Lakini kwanza tuko na deni. Ku ripoti iliyopita tuliandika kwamba msichana mmoja kati yao hafanyi bidii. Neno lile leo tunaliondoa mbele yenu, kwa sababu mbele yenu ndiko tuliliweka.

Muelewe kwanza somo lenyewe. Kitabu wanachotumia kinaitwa College Physics, cha OpenStax, kazi ya Chuo Kikuu cha Rice kule Texas. Kilitoka mwaka 2012, na kukishusha ku simu ni bure. Ukikishusha mara moja unakisoma bila mtandao. Hapo hakuna shida. Halafu kuna majaribio ya laboratwari, ambayo kila mtu anayafanya kwa vitu vya nyumbani na kuandika alichopima. Mwishoni kuna kazi za kila juma ku intaneti. Komputa inatoa swali, inabadilisha tarakimu kwa kila mwanafunzi ili wasikopiane, na jibu unalopeleka linahukumiwa papo hapo. Unapewa nafasi tatu. Saa ikifika, mlango unafungwa.

Dada yetu huyu alipata sifuri juma tatu mfululizo. Tukamwita. Tukamwambia wafadhili wanalipa mega, na wewe unalala? Hakujibu kitu. Jumamosi mbili zilizofuata hakuonekana.

Ndipo mama yake akaja ku biro na kaye imefungwa ndani ya kitenge. Akasema: "Wanangu, mimi fizikia siijui, lakini tochi yangu ninaijua. Kila juma huyu mtoto ananimalizia betri. Someni."

Tulisoma. Swali moja liliuliza: jiwe likiachiliwa kutoka urefu wa metre 20, litafika chini baada ya sekunde ngapi? Ameandika kanuni, ameweka 9,8, ametafuta kipeuo cha pili, amepata sekunde 2,02. Ni sahihi kabisa. Lakini ameandika kama sisi wote tulivyofundishwa ku shule za Kongo, hata wale waliosomea programu ya Kongo kule kambini Nyarugusu: kwa mkato, ile virgile. Komputa ya Wamarekani inataka nukta, 2.02. Kwao mkato unatenga maelfu, si sehemu ya namba. Alipeleka 2,02 ikakataliwa. Akapeleka 2,0 ikakataliwa. Akapeleka 2,020, nafasi zikaisha. Pembeni ya ukurasa ameandika kwa kalamu ndogo: "Nimekosea wapi?"

Hakukosea popote. Sisi wenye diploma ndio tulisoma alama bila kufungua kaye.

Tulipowauliza wengine, tukakuta shimo la pili. Kazi zinafungwa dakika moja kabla ya saa sita usiku, lakini saa za New York. Vijana walidhani ni saa sita ya hapa, wakikuta imepita wanaacha. Kumbe kwetu mlango unafungwa karibu saa kumi na mbili ya asubuhi. Na Wamarekani wakirudisha saa yao nyuma mwanzoni mwa mwezi wa 11, ni karibu saa moja ya asubuhi. Alfajiri, mtandao wetu ukiwa mwepesi kuliko jioni, mlango ulikuwa wazi na watu wamelala.

Tuliandikia chuo. Walirudisha alama za juma moja. Za juma mbili hazikurudi.

Sasa muone laboratwari. Jumamosi moja vijana walifunga jiwe ku kamba, wakalining'iniza ku mti wa paa la biro, wakalisukuma kidogo, wakahesabu likienda na kurudi mara 20. Simu ikaonyesha sekunde 40 na kidogo. Kamba walipima sentimetre 96. Hesabu ikatoa 9.4, na kitabu kinasema 9.8. Mmoja akasema tuandike tu 9.8. Dada yetu, ambaye siku ile ndiyo alikuwa amerudi, akakataa. Akapima upya na kuonyesha kwamba kamba walikuwa wameipima mpaka fundo tu, na urefu unapaswa kufika katikati ya jiwe: sentimetre 4 zaidi. Wakarudia hesabu kwa metre moja kamili, ikatoa 9.8. Hapo hakuna mashine iliyosema ndiyo au hapana. Walilitafuta kosa, wakalipata mahali lilipokaa.

Tangu siku ile tumebadilisha kazi. Kila Jumamosi tunafungua kaye kabla ya kuangalia alama. Ku ukuta tumebandika saa ya kufunga kwa saa ya Uvira, na chini yake: NUKTA, SI MKATO. Ripoti itasema mtoto alifanya nini, si alipata ngapi tu.

Wazazi, tunawaomba mupokezane zamu ya kusindikiza vijana alfajiri, siku ya kufunga, tufungue biro yenye sola. Wafadhili, hatuombi komputa mpya. Tunaomba mega za muhula wa pili zisikatwe, na mizani moja ndogo ya laboratwari.

Tulikwenda nyumbani kwa yule mama kuomba msamaha. Alitupa viti, akatusikiliza, akasema: "Sawa, nimesamehe. Lakini lile neno muliliandika ku gazeti. Mulifute ku gazeti."

Mama, tumelifuta.