Ngoma za Mpambire hadi Kariakoo
Wenye bendi wa Kariakoo wanaoagiza ngoma kutoka Mpambire, Uganda, msikubali kumwachia dalali kila kitu kisha mkalipa chochote anachotaja. Inaniuma sana. Bidhaa inayokidhi masharti ya uasili ya Afrika Mashariki haitozwi ushuru wa forodha ikiwa na cheti cha uasili. Tena mzigo usiozidi dola 2,000 una cheti chake rahisi, kinachotolewa na forodha ya Uganda mpakani, Mutukula kwa mfano, bila kulazimika kukodi wakala. Ulizeni tu mapema kama ngoma zimo kwenye orodha yake. VAT ni habari nyingine, cheti hakiifuti. Na gitaa lililotengenezwa China, hata mkilinunua Kampala, halipati nafuu hii. Kwa kila shilingi mnayotoa, daini risiti.