Nyumba inavuja, shamba nalo linangoja



Tulifika na mabati kwa mama mmoja wa hapa Fizi, aliyerudi kutoka Tanzania na watoto wanne. Ilikuwa Septemba, mvua imeanza. Maji yalikuwa yanadondoka hata kitandani. Mbegu ya mahindi alikuwa ameificha ndani ya sufuria. Akatuuliza: "Wanangu, mukipanda wote juu ya nyumba, shambani nitabaki na nani?"

Tulikosa jibu. Kikundi ni kimoja: wale wanaolima ndio wanaojenga. Na sisi ndio tulileta mabati wakati wa kupanda.

Basi asubuhi tukawa shambani pamoja naye, mchana juu ya nyumba. Tukakuta miti miwili imeliwa na mchwa, tukaibadilisha kwanza, maana bati jipya juu ya mti uliooza ni kudanganyana. Misumari tuligonga kwenye mgongo wa bati, si kwenye mfereji, kila mmoja na kipande cha mpira wa sandali kuukuu. Kazi ya siku mbili ikala siku nne. Jirani alilalamika zamu yake imechelewa, na alikuwa na haki.

Wafadhili, tunaomba mabati yafike Julai, kiangazi, mashamba yakiwa yamepumzika. Nyumba ya mama haivuji tena. Lakini mahindi yake yako magotini, na ya wengine yameshatoa ndevu.