Makaa au Kuni? Moto wa Kukausha Samaki na Pumzi ya Mtoto

Leo tuketi kando ya moto.

Hapa Kihoto, karibu na Ziwa Naivasha, wako akina mama wanaopata riziki kwa samaki. Wananunua asubuhi, wanapara, wanatia chumvi, kisha wanakausha kwa moshi juu ya pipa lililokatwa na kufunikwa kwa wavu wa chuma. Ninapopita kutembelea watoto huulizwa swali moja: "Sista, kati ya makaa na kuni, ni gani afadhali?"

Mama, niruhusu nianze kwa kukiri kosa langu. Zamani nilikuwa nikijibu upesi: "Tumia makaa, hayana moshi." Mama mmoja alinisikiliza. Aliacha kuni, akanunua makaa. Usiku mmoja wa mwezi wa saba, baridi ikiwa kali, alimaliza kazi, akaona makaa bado ni mekundu. Hakutaka yapotee bure. Akaingiza jiko katika chumba chake cha kupanga, akafunga mlango na dirisha, akalala na watoto wake wawili. Alfajiri jirani alisikia mtoto akilia bila kunyamazishwa. Aligonga, hakujibiwa, akausukuma mlango. Mama alikuwa hajitambui. Walifikishwa hospitali, wakawekewa oksijeni, na kwa bahati wote watatu wakapona. Nilipomtembelea aliniambia, "Sista, si ulisema hayana moshi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimempa nusu ya ukweli. Leo nakupa ukweli wote.

Tumezoea kusema penye moshi hapakosi moto. Lakini upo moto usio na moshi, nao unaua. Makaa yanapowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ukiivuta, inaingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mwili unakosa hewa huku wewe ukihisi usingizi tu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na viungo kulegea. Wengi hudhani ni malaria au uchovu. Mama mjamzito awe mwangalifu zaidi, kwa sababu sumu hii humfikia mtoto tumboni.

Je, kuni ni salama basi? La. Kuni hutoa moshi wenye chembe ndogo sana zinazoingia ndani kabisa ya mapafu. Mtoto aliyebebwa mgongoni huvuta moshi huo saa nyingi, na mapafu yake bado ni machanga. Moshi huu huongeza hatari ya nimonia kwa mtoto, na kwa mama huleta kikohozi kisichoisha na magonjwa ya moyo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majikoni na majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani. Zaidi ya 237,000 kati ya hao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Kwa hiyo mama, jibu la swali lako ni hili: makaa yana kazi yake, kuni zina kazi yake, na vyote viwili mahali pake ni nje. Makaa hutoa joto linalotulia, nalo ndilo linaloivisha samaki. Kuni hutoa harufu na rangi, lakini moto wake hupanda na kushuka. Anayetumia kuni peke yake hukaa akipuliza na kuchochea mchana kutwa, uso motoni. Anayetumia makaa kwa joto, kisha akaongeza kuni kidogo kwa harufu, huvuta moshi kidogo na haunguzi samaki.

Fanya hivi:

Kwanza, washa makaa nje, mbali na mlango na dirisha. Ngoja mpaka yashike yote na kuanza kufunikwa na jivu jeupe. Wakati wa kuwasha ndipo moshi huwa mwingi, basi watoto wasiwe karibu.

Pili, weka moto upande mmoja wa pipa na samaki upande wa pili, ili joto na moshi vipite juu yao kwenda nje. Mafuta ya samaki yakidondoka juu ya moto hutoa moshi mchafu unaorudi kushika nyama, na ndani yake mna kemikali zinazoweza kuleta saratani. Kule Senegal, chuo cha uvuvi cha Thiaroye pamoja na shirika la FAO walitengeneza tanuri ambalo samaki huiva kwanza kwa makaa, mafuta yakikingwa kwa sinia, kisha moshi hutoka sehemu ya kando. Sisi hatuna tanuri hilo, lakini bati la kukinga mafuta tunaweza kupata.

Tatu, samaki akishaiva, ongeza kipande kimoja kidogo cha kuni kavu. Kikiisha, ongeza kingine. Moshi mzito mweupe ni dalili kwamba kuni ni mbichi au moto umekosa hewa. Fungua nafasi ya hewa chini. Moshi mwembamba ndio unaofaa.

Nne, chagua kuni zako. Tumia mti mgumu uliokauka. Usitumie msipresi au msindano, kwa maana utomvu wake hutoa masizi na uchungu. Na hapa kwetu Naivasha, penye mashamba ya maua, nasema kwa mkazo: usichome mbao zilizopakwa rangi, wala vigingi vilivyotiwa dawa ya kuzuia mchwa, wala plastiki za vivungulio, wala mikebe ya dawa za kunyunyizia. Vigingi vingine vina arseniki, na sumu hiyo hubaki katika moshi na jivu. Kitu kikipatikana bure kisikugharimu mtoto.

Tano, mtoto asikae mgongoni unapochochea. Mwachie mtu mzima upande ambao upepo unatoka, si unakoelekea.

Sita, jiko lenye makaa lisilale ndani, hata kama yamebaki matatu. Najua baridi yetu. Najua pia kwamba ziwa lilipofurika mwaka 2020, na tena mwaka 2025, wengi walihama na kubanana katika chumba kimoja. Vaeni nguo nzito, laleni pamoja, ongezeni blanketi. Makaa yaliyobaki yafunike kwa jivu huko nje, au yazime kwa maji, uyaanike uyatumie tena kesho.

Ukimkuta mtu amelegea katika chumba chenye jiko, fungua mlango na madirisha, mtoe nje haraka, kisha mpeleke hospitali hata kama amezinduka. Waambie kulikuwa na jiko la makaa, ili apewe oksijeni mapema.

Na mtoto akikohoa, mtazame kifuani akiwa ametulia. Hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60 au zaidi, wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, anapumua haraka kupita kiasi. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kifua kikiingia ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, usingoje asubuhi.

Yule mama bado anauza samaki. Pipa lake liko nyuma ya ploti, moto kando, bati la mafuta chini ya samaki. Jioni humwaga maji juu ya makaa, nami nikipita hunionyesha jiko lililopoa, akicheka: "Sista, leo limelala nje."

Mama, jioni hii kabla ya kufunga mlango, angalia jiko lako limelala wapi. Kisha mwambie jirani yako naye aangalie.