Mpagazi wa Tranka Langu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu, wanafunzi na wanafunzi wa zamani, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Mwenyekiti aliniomba niseme maneno machache juu ya utumishi serikalini. Nimemwomba ruhusa nibadili, maana mambo ya ofisini mtayakuta ofisini, tena mengi kuliko mtakavyopenda. Nataka kuzungumza juu ya babu yangu. Baadhi yenu tuliokuwa bweni moja mlimwona. Hamkumjua, na kosa hilo ni langu.

Babu alizaliwa Mamba, jirani na Marangu, katika miteremko ya Kilimanjaro, akafariki huko huko mwaka 2011. Hakusoma zaidi ya darasa la nne. Alikuwa na kihamba chake cha kahawa na migomba, lakini kazi aliyoipenda ilikuwa ya mlimani. Alianza kubeba mizigo ya wageni akiwa kijana, kabla ya Uhuru, na vibanda vya njiani aliviita kwa majina ya Kijerumani aliyoyakuta: Bismaki na Pita. Tulimweleza mara nyingi kwamba sasa ni Mandara na Horombo, majina ya Wamangi wetu. Alikubali, akasema ni jambo jema sana, na kesho yake akasema Bismaki.

Tena hakujua kusema uongo, hata ule mdogo wa kumfurahisha mgeni. Nadhani nusu ya wazee wa rika lake watakuambia walikuwa pamoja na Luteni Alexander Nyirenda mlimani mwezi Desemba 1961, bendera na Mwenge wa Uhuru vilipopelekwa kileleni. Ukimwuliza Babu, jibu lilikuwa fupi: "Mimi nilikuwa nyumbani. Ng'ombe alikuwa anazaa."

Jumapili baada ya ibada alituchukua sisi wajukuu hadi msitu wa nusu maili, ule ukanda uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na majani ya mifugo. Alitufundisha kuujua msesewe kwa kuonja gamba lake, lile linaloipa mbege uchungu wake. Alitufundisha kuujua mringaringa, na kusikiliza mbega kabla ya kumwona. Mtoto akikimbia mbele, Babu hakumwita. Alikaa chini, akatoa ugoro wake, akangoja mpaka mtoto achoke kuwa peke yake na arudi. Mimi nilirudi mara nyingi.

Alikuwa akituambia kwamba barafu ya Kibo ni pambo tu, na kwamba maji ya mifongo yetu yanatoka msituni. Tulidhani ni maneno ya mzee asiyesoma. Barafu ile, ambayo mwaka 1912 ilifunika kilomita za mraba 12 hivi, mwaka aliofariki Babu ilikuwa imebaki chini ya mbili; na wataalamu wa mlima wanasema alivyosema yeye, kwamba maji yetu mengi ni ya mvua na ukungu unaonaswa na miti. Lakini naona nazunguka. Nirudi kwenye jambo lililonileta hapa mbele.

Ilikuwa Januari 1995. Nilichaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza katika shule hii. Tulishuka alfajiri kwa miguu hadi Himo, tranka langu la bati likiwa kichwani kwa Babu juu ya ngata ya majani makavu ya mgomba. Himo tukapanda basi hadi Moshi. Kutoka stendi tukatembea tena, maana alisema nauli ile ni bei ya madaftari mawili. Alivaa buti alizopewa na mgeni mmoja, kubwa kupita miguu yake, amezifunga kwa kamba ya katani. Kichwani alivaa kofia ya sufu iliyofunika masikio. Ninyi mnaojua joto la Moshi mwezi Januari mnaweza kuipiga picha hiyo wenyewe.

Wavulana wa Kidato cha Pili walikuwa wamekaa kivulini. Wakacheka. Mmoja wao akaniuliza, "Wewe Fomu Wani, huyu mzee ni nani wako?"

Nikasema, "Ni mpagazi tu. Kanibebea tranka."

Babu alikuwa hatua tatu kutoka niliposimama. Alilishusha tranka taratibu, akalisogeza hadi mlangoni mwa bweni, akalifuta vumbi kwa kiganja. Kisha akaniaga kama wapagazi wanavyowaaga wageni wao langoni pa mlima: akavua kofia.

Siku za kutembelewa alikuja zote. Hakuingia ndani. Alikaa nje ya lango na kumtuma mlinzi: "Mwambie yule kijana mzigo wake umefika." Ulikuwa ni ndizi mbivu, karanga, na mara moja sweta. Mara mbili za kwanza nilimwacha mlinzi aniletee. Mara ya tatu nikatoka.

Baadaye sana bibi aliniambia kwamba Babu alikusudia kuacha mlima mwaka 1994, magoti yalikuwa yameanza kumsumbua. Aliendelea mpaka nilipomaliza Kidato cha Nne mwaka 1998. Ada yangu ilitoka Horombo, kilo kwa kilo.

Desemba 2004 nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na nimeanza kazi. Nilikwenda nyumbani na mshahara wangu wa kwanza, nikamwomba tupande hadi Mandara, mimi na yeye tu. Kabla ya kuondoka nilichuma jani la isale mpakani mwa kihamba, nikalitia mfuko wa shati. Kwetu, anayeomba msamaha kwa isale hakataliwi. Mfuko wake niliubeba mimi. Nilitembea haraka mno, kwa hofu nadhani, naye akakaa chini kama zamani mpaka nikarudi.

Tulipofika kibandani nikatoa lile jani. Lilikuwa limekunjamana vibaya. Nikamwambia, "Babu, ni kwa ajili ya lile neno la siku ya tranka."

Aliliangalia kwa muda, akalipokea kwa mikono miwili. Halafu akaanza kucheka mpaka akakohoa.

"Kwani ulisema uongo, mjukuu wangu? Mpagazi nilikuwa. Ila wageni wangu wote walinilipa."

Akanyosha mkono. Nilidhani ni mzaha, lakini mkono haukurudi. Nikatoa noti ya shilingi elfu kumi. Akaikunja pamoja na jani la isale, akavitia vyote ndani ya kofia ya sufu, akaivaa.

"Sasa tumemalizana," akasema. "Twende Maundi, mawingu hayajafunga."