Yahoo Ilipokuwa Mfalme

Ndugu zangu vijana, na nyinyi mama zetu mlioketi upande ule, nianze na swali. Ni nani hapa aliyefungua imeli yake ya kwanza saiba? Naona mikono. Na wengi ilikuwa ya Yahoo, au sivyo? Zama zile mtu akikuomba imeli alikuwa ashajua itaishia vipi.

Yahoo ilianzishwa mwaka 1994 na wanafunzi wawili wa Stanford, Jerry Yang na David Filo, ikiwa ni orodha tu ya kurasa walizozipenda. Kufika 2000 ilikuwa mlango mkuu wa intaneti. Mwaka huo huo ikaipa Google, kampuni changa, kazi ya kuwatafutia wateja wake majibu. Ni kama mwenye duka kumweka kijana mlangoni awaelekeze watu; mwisho watu wakamfuata kijana kwake. Google ikaambatisha matangazo na utafutaji, na kumbe pesa zilikuwa hapo!

Mwaka 2008 Microsoft ilitaka kuinunua Yahoo kwa dola bilioni 44.6 hivi. Wakakataa, ati ni kidogo. Mwaka 2017 biashara yake ya intaneti ikachukuliwa na Verizon kwa bilioni nne na ushei.

Microsoft nayo ilikuwa na yake. Mei 1998 serikali ya Marekani iliishtaki kwa mbinu ilizotumia kuibana Netscape. Wakati macho yote yako kortini, Septemba ile Google ikasajiliwa. Na Agosti 2024 jaji wa Marekani akaamua kuwa Google imehodhi utafutaji kinyume cha sheria. Mwaona mzunguko?

Lakini hofu yangu si matajiri hao, ni vitu vyetu. Oktoba 2009 Yahoo ilifunga GeoCities, na kurasa walizojijengea watu zikaenda nayo. Julai 2018 ikazima Messenger. Wangapi walikuwa wakizungumza humo na baba aliye Dubai? Leo nikikuuliza picha za harusi ya dadako ziko wapi, utanambia ziko kwa simu. Nyingine haziko kwa simu, ziko kwenye kompyuta ya kampuni, mbali huko.

Basi baada ya tarawehe vijana wetu watakuwa pale nje na kompyuta mbili. Njoo na simu yako na flashi, na neno lako la siri ulikumbuke, tuzishushe picha hizo usiku huu.