Wajibu wa Serikali kwa Mali Iliyotelekezwa: Thika na Ruiru

Mali iliyotelekezwa Thika na Ruiru, miji ya Kaunti ya Kiambu nchini Kenya, ni ya namna nyingi: ploti zilizomea vichaka katikati ya maghorofa, majengo yaliyokwama orofa ya pili vyuma vikishika kutu, viwanda vilivyofungwa, matimbo ya mawe yaliyoachwa wazi. Ardhi hiyo imelala huku wakazi wakiongezeka kwa kasi. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 mjini Ruiru. Ya 2019 ikapata 490,120. Sheria za kuikabili hali hii zipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuandikiwa notisi.

Ruiru, mashamba makubwa ya walowezi yalinunuliwa na makampuni ya wananchi, kama Githunguri Constituency Ranching. Mwanahisa alipata cheti cha hisa, akagawiwa ploti kwa kura, kisha akangojea hatimiliki. Wapo waliofariki wakingoja. Cheti kikabaki sandukuni, warithi wasifungue kesi ya mirathi, au ploti moja ikaibuka na wenyewe wawili, kila mmoja na karatasi zake. Hapo hakuna anayethubutu kujenga, na hakuna anayejiona anapaswa kufyeka. Kungoja huko kuna hatari yake: mvamizi akikalia ardhi ya mtu binafsi waziwazi kwa miaka 12 bila kuondolewa, sheria inamruhusu kudai umiliki mahakamani. Thika kisa ni kingine, cha viwanda. Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, nguo za nje na mitumba ziliviangusha viwanda vingi vya nguo nchini, na jengo la kiwanda kilichofilisika huweza kukaa miaka mikononi mwa benki na mfilisi.

Silaha ya kwanza ya kaunti ni kodi ya ardhi, inayotolewa na Kifungu cha 209 cha Katiba. Utekelezaji wake una pengo. Kaunti hutegemea sana cheti cha kuthibitisha kwamba kodi imelipwa, ambacho muuzaji hukihitaji ili kuhamisha umiliki. Cheti hicho humbana anayetaka kuuza tu. Aliyetoweka hakimgusi, na deni huzidi kurundikana. Jimbo la Michigan, Marekani, lilikabili tatizo kama hili kwa sheria ya 1999 iliyofupisha muda wa kutwaa mali yenye deni la kodi, na baadaye likaruhusu benki za ardhi za umma kuipokea na kuiuza upya. Kiambu haiwezi kuiga hatua hiyo kabla ya kusafisha rejista, kwa sababu ingewapokonya wajane na mayatima ambao hawajapata hata hati.

Pale hatari inapokuwa ya leo, kungoja rejista ni kosa. Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, inampa afisa wa afya uwezo wa kuamuru kero iondolewe, na mhusika asipopatikana, mamlaka ya afya yaweza kuiondoa yenyewe. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inaipa kaunti notisi za utekelezaji dhidi ya ujenzi usio na kibali. Alama nyekundu ya X inayopakwa kwenye ukuta wa jengo lenye hatari, bila hatua inayofuata, haimlindi mpangaji.

Matimbo yanastahili uangalizi wa pekee. Mawe ya Ndarugo na maeneo jirani yamejenga nyumba nyingi za Nairobi, lakini shimo lililochimbwa hadi mwamba hujaa maji ya mvua, kingo zake zikiwa wima kama ukuta; mtoto akiteleza hana pa kushika. Uzio na ngazi ya udongo kwenye ukingo ni kazi ndogo. Mamlaka ya mazingira na kaunti zingepaswa kumdai mchimbaji mpango wa kufukia, pamoja na dhamana ya fedha, kabla ya jiwe la kwanza kukatwa, kwa maana akishaondoka hafuatiki.

Kutwaa mali kwa lazima, chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, kubaki njia ya mwisho: Kifungu cha 40 cha Katiba kinadai fidia ya haki na ya haraka. Kwa ploti nyingi za Ruiru, njia ya bei nafuu ni kliniki za mirathi mitaani, orodha ya ploti zisizo na mwenyewe kubandikwa hadharani kwenye ofisi za wadi, na kesi za hati mbili kupewa kipaumbele katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoko Thika. Orodha hiyo ianze na mali ya serikali yenyewe, yakiwemo majengo ya umma yaliyokwama, kwa kuwa mwenyewe wa hayo anajulikana na notisi yake ina pa kupelekwa.